Mwalimu na Kanisa Lililotazama Kibla

Kwa majuma manane mazima nilisadiki, na akili zangu timamu, kwamba kanisa letu lilizungushwa na majini. Wala si jini mmoja wa kubahatisha. Walikuwa saba. Wanne walishika pembe, kila mmoja yake. Wawili walikandamiza bati lisipeperuke. Na wa saba kazi yake ilikuwa kusimama pembeni, mikono kiunoni, akitoa amri. Walilikuta kanisa linatazama mashariki kama makanisa ya watu wote, wakalinyanyua, wakalizungusha polepole mawe yasidondoke, wakalitua likitazama kaskazini, yaani kibla, kule wanakoelekea majirani zetu Waislamu wanaposali. Habari hizi nilipewa na Mama Agnesi, mwanamke aliyekuwa akifagia kanisa, naye alipewa na mwanamke wa Kiwengwa ambaye mumewe alikuwa na mjomba aliyewaona majini wale wakirudi kwao wamechoka.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na ndevu juu. Lakini nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka Pemba kuchuma karafuu. Niliondoka msingi haujachimbwa, nimerudi nakuta kanisa limesimama na bati lake, limekwenda upande. Sasa wewe ungesadiki nini? Insha yangu ya kwanza katika darasa la jioni, lile la ngumbaru, niliiandika juu ya jambo hilo, kurasa mbili, na majini nikawaongeza wakawa tisa. Msomeshaji wetu aliirudisha na maneno matano kwa wino mwekundu: "Hati nzuri sana. Akili bado."

Nimetanguliza haya ili ujue mapema anayekusimulia ni mtu wa namna gani. Natia chumvi, nakiri. Lakini mtu ninayetaka kukuchorea hapa alikuja duniani na chumvi yake mwenyewe, mimi kazi yangu ni kukoroga tu.

Tulimwita Mwalimu. Jina alikuwa nalo, bila shaka, na ukoo, na mahali alipozaliwa huko bara. Hayo kamuulize mwingine. Kwetu sisi alikuwa Mwalimu kwa sababu ndiye aliyetufundisha dini, aliyeongoza sala za Jumapili, aliyezika, aliyepatanisha waliogombana, na waliokataa kupatana akawakemea mpaka wakapatana ili anyamaze. Kijiji chetu kinaitwa Kwa Padri, mwendo wa saa moja kwa gari la abiria kutoka Darajani, mjini Unguja, kama gari halikuharibika; na kwa kuwa liliharibika kila siku, mwendo wa saa tatu. Padri mwenyewe hatukuwa naye. Wa mwisho, Mzungu mmoja mrefu, alisafiri baada ya Mapinduzi kwenda kwao kutibiwa meno, na meno hayo nadhani yanatibiwa mpaka leo. Padri wa mjini alikuja mara moja kwa mwezi, akatusalisha, akala kuku, akaondoka. Siku nyingine zote tulikuwa na Mwalimu.

Nyumba za Wakristo hazikuzidi ishirini, watu wa asili ya bara na watoto wao. Nyumba zilizobaki zote zilikuwa za Waislamu, na msikiti ulikuwa karibu na kanisa kiasi kwamba wao wakipiga chafya sisi tuliwaombea afya.

Mwalimu alikuwa mfupi. Akisimama nyuma ya meza ya kusomea, ulichokiona ni upara na vidole kumi. Lakini sauti! Nadhani Mungu aliitengeneza kwa ajili ya mtu wa futi tisa, kisha mtu yule akaghairi kuzaliwa. Kengele hatukuwa nayo, wala hatukuihitaji. Jumapili asubuhi alitoka mlangoni, akavuta pumzi, akaita mara moja tu, "Haya, Wakristo!" Nazi zilianguka. Wavuvi wa Paje, upande wa pili wa kisiwa, waliitikia "Naam!" wakidhani wameitwa na baba zao.

Mambo ya wakati aliyashika kwa ukali wa askari, ingawa saa yake ya mkononi ilikuwa imesimama kwenye saa kumi na dakika tano tangu siku aliyopewa. Aliivaa kwa heshima tu. Saa yake ya kweli ilikuwa muadhini wa msikiti, Bwana Shaame. Ibada yetu ilianza baada ya adhana ya alfajiri, ukiongeza muda wa kuchemka birika mbili za chai. Jumapili moja Wakristo wote tuliamka jua limeshapanda. Mwalimu akavaa kanzu yake, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Shaame, nami nikamfuata nisikose.

"Sabalkheri, Bwana Shaame."

"Sabalkheri, Mwalimu. Mbona uso umeukunja hivyo?"

"Umewachelewesha Wakristo wangu."

"Mie?"

"Wewe. Adhana ya leo imetoka kama mlio wa kifaranga. Nani angeisikia? Kanisa zima limelala."

"Mwalimu, nna mafua. Halafu, adhana yenyewe si yenu."

"Si yetu, lakini tunaitegemea. Kunywa tangawizi, bwana!"

Na tangawizi alimpelekea mwenyewe, bakuli zima, kila jioni kwa siku sita. Jumapili iliyofuata adhana ilitoka kali kiasi kwamba Mama Agnesi alifika kanisani na kiatu kimoja.

Mwezi wa Ramadhani hakuturuhusu kula njiani. "Mwenzako anashinda na kiu," alisema, "wewe unamtafunia muwa mbele ya macho?" Jua likizama, yeye ndiye wa kwanza kupiga hodi kwa majirani, leo nyumba hii, kesho ile, na zaidi nyumba ya Fundi Makame, mwashi wa kijiji, kwa sababu mke wa fundi huyo, Bi Mwanakheri, alipika muhogo wa nazi ambao ungeweza kumfanya mtu abadili kabila.

"Mwalimu, nawe leo umefunga?" Bi Mwanakheri alimwuliza siku moja.

"Nimefunga, Bi Mwanakheri. Tangu chai ya saa nne."

"Basi hata hiyo nayo ina malipo yake. Kaa, utie mkono."

Jambo lililomtofautisha na walimu wote wa dini niliopata kuwajua ni benchi. Katika kanisa letu la zamani, lile la udongo na makuti, mbele kabisa kulikuwa na benchi fupi ambalo hakulikalia mtu kwa hiari yake. Mwalimu aliliita Benchi la Kweli. Aliyefanya kosa, kosa likajulikana, alikaa pale Jumapili kabla ya wimbo wa kwanza, akasema kwa kinywa chake alichofanya. Hakupigwa, hakutozwa kitu. Aseme tu, na aseme kwa maneno manyoofu. Ukianza na "ilitokea kwamba," Mwalimu alikukata papo hapo: "Hakikutokea kitu. Ulifanya."

Mimi nililikalia kwa ajili ya fenesi la Fundi Makame. Fenesi, kama hujapata kuliiba, lina ulimbo usiotoka kwa sabuni wala kwa mchanga. Siku tatu vidole vyangu vilikuwa vimegandana kama mguu wa bata.

"Damiani," Mwalimu aliniuliza, "mbona leo kitabu cha nyimbo umekishika kwa viwiko?"

"Mwalimu, ilitokea kwamba..."

"Hakikutokea kitu."

"Nilikula fenesi."

"La nani?"

"La Fundi Makame."

"Lote?"

"Lote, Mwalimu."

Kanisa zima likaguna, na halikuguna kwa wizi, liliguna kwa ukubwa wa tumbo langu. "Lote!" Mama Agnesi alisema. "Lile lililokuwa sawa na mtoto wa darasa la pili!" Baada ya ibada nilipelekwa kwa Fundi niseme tena mbele yake. Fundi Makame alicheka mpaka kofia ikamwanguka, akaingia ndani, akatoka na mafuta ya nazi. "Mwizi gani wewe, yakhe?" akaniambia huku akinimiminia mikononi. "Fenesi mtu hupaka mafuta kwanza, ndiyo akaiba!"

Sasa, pamoja na mapenzi yake yote ya kweli, Mwalimu alikuwa na ila moja, nayo ilikuwa kubwa kama yeye alivyokuwa mdogo. Hakuweza kusema "sijui." Neno hilo halikupita kooni mwake. Mtu akija na barua ya Kiingereza, Mwalimu aliisoma, na akishindwa kuisoma aliitafsiri hivyo hivyo. Bi Mwanakheri alipopata kikohozi, hospitali walimpa chupa ya dawa yenye maandishi madogo, akaja nayo kwa Mwalimu. Mwalimu aliishika mbali, akaishika karibu, akajikohoza kidogo.

"Hii ni ya kuchua kifuani," akasema. "Asubuhi na jioni."

Ilikuwa ya kunywa, tamu kama asali. Bi Mwanakheri akajichua. Siku ya pili sisimizi wote wa Unguja walikuwa wamehamia kitandani kwake na watoto wao. Kikohozi kikapona, maana nani anapata nafasi ya kukohoa huku anakimbizana na sisimizi? "Mnaona?" Mwalimu akasema. "Imefanya kazi."

Masika ya mwaka uliofuata Mapinduzi, kanisa la udongo lilianguka. Halikuanguka kwa kishindo. Lilikaa kitako tu kwenye matope, kama mtu aliyechoka na safari. Mwezi haukupita ikaja barua kutoka ofisi ya kanisa mjini. Mwalimu alitusomea mara mbili, na mara ya pili aliisoma kwa sauti ya kawaida ya watu, ndipo tukajua ni jambo zito. Barua ilisema Askofu atakuja kabla ya Krismasi. Akikuta kanisa la mawe, atalitabaruku. Asipolikuta, parokia ya Kwa Padri itafungwa na sisi sote tutakuwa watu wa kanisa la mjini.

Kwa kijana hilo si kitu. Lakini Mama Agnesi miguu yake ilikuwa imevimba hata kisimani haendi, na wazee wenzake sita walikuwa hali hiyo hiyo au mbaya zaidi. Kuifunga parokia kwao kulikuwa kama kuwaambia, basi, hamtasali tena pamoja na watu mpaka siku ya kuzikwa. Tena pale ofisini kulikuwa na karani mwembamba mwenye miwani, aliyekwisha kusema mbele za watu kwamba mwalimu wetu ni makelele matupu, hajui kuongoza jambo, na akikosea hili moja tu ataondolewa. Mwalimu alilijua hilo. Juma zima hakukemea mtu.

Kisha akatukusanya. "Msiniletee mbingu," akasema, na sasa sauti imerudi. "Nileteeni mawe."

Tukaleta mawe. Kijiji kizima kilileta, wenye misalaba na wenye kofia. Bwana Shaame alitoa boriti mbili alizokuwa amezificha kwa ajili ya jiko la mkewe, na mkewe hakusema naye siku tisa. Tukachoma chokaa mpaka tukawa weupe wote kama mizuka. Fundi Makame akakubali kujenga. Misikiti alikwisha kujenga kumi na mmoja kwa hesabu yake, na arubaini kwa hesabu yangu, lakini kanisa hakupata kulijenga hata moja. Mjini wakaleta ramani kwenye karatasi kubwa la buluu. Mwalimu alitembea nalo kwapani siku saba, akilifungua na kulifunga mbele za watu, wakati mwingine juu chini.

"Umeifahamu, Mwalimu?" Fundi alimwuliza mbele yangu.

"Ramani? Ramani ni kitu gani cha kunishinda mimi?"

Hapo mimi nikapanda boti kwenda Pemba, maana karafuu zilikuwa zimeiva, na wanaume wengi wa kijiji tulikwenda pamoja. Msingi waliupima wao wawili tu, Mwalimu na Fundi, kwa vigingi na kamba, asubuhi ya Jumatatu moja. Waliobaki nyuma wakaja kuchimba kwa kufuata kamba. Kuta zilipofika madirishani, Mama Agnesi alisimama ndani asubuhi, ameelekea mahali pa madhabahu, akaona jua halimpigi usoni kama ilivyotakiwa. Linampiga sikio la kulia. Akatoka nje akaita watu. Kila mtu akamtazama Fundi. Fundi akafuta mwiko wake. Chokaa ilikuwa imekwisha na siku zilikuwa zinakwisha, kuvunja haikuwezekana. Wakapandisha bati. Na mimi niliporudi, Mama Agnesi, kwa kumsitiri jirani, akanipa majini saba.

Nilimwuliza Mwalimu mwenyewe kama majini wale alipata kuwaona. "Shika fagio, Damiani," akanijibu.

Askofu alikuja juma moja kabla ya Krismasi, asubuhi, kwa gari, na yule karani kando yake amekumbatia mkoba. Tulikuwa tumefagia hata mawingu. Wanawake wa kijiji kizima walikuwa wanapika pilau nyuma ya kanisa, na harufu yake peke yake ingetosha kutabaruku makanisa mawili. Askofu akasimama mlangoni. Akatazama jua. Akatazama madhabahu. Akatazama jua tena. Karani akamtangulia kusema.

"Baba Askofu, unaona? Madhabahu kaskazini! Mtu asiyejua jua linatoka wapi ndiye tunayemwachia roho za watu?"

Askofu alikuwa mtu mpole. "Mwalimu," akasema, "msingi huu ameupima nani?"

Sote tukamtazama Mwalimu. Mama Agnesi alikuwa ameshika kanga yake kwa meno. Na naapa, mtu yule aliyeitikiwa na wavuvi wa Paje alifungua kinywa kikatoka kijisauti cha mbu. Alisema neno gani hakuna aliyelisikia. Mimi nikajiambia: mafua ya Bwana Shaame yamemhamia.

Fundi Makame alikuwa amekaa nje kivulini, amevaa kofia yake mpya. Akainuka, akapiga hatua mbili mbele.

"Ni mie, bwana mkubwa. Mie fundi wa misikiti. Mkono ushazoea, nikiishika kamba inakwenda kibla yenyewe."

Watu wakacheka, lakini kwa kuogopa. "Kwa hiyo kanisa zima litasali limeelekea Makka?" karani akauliza.

Askofu hakumjibu. Alimgeukia Fundi. "Na sisi tukisali tumeelekea huko, wewe unadhani Mungu atatusikia?"

"Atasikia, bwana mkubwa. Sisi twasali kuelekea huko miaka yote, hajapata kulalamika."

Askofu alicheka mpaka akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. Akaingia, akatabaruku ukuta kwa ukuta, na parokia ikabaki yetu. Karani alikula sahani tatu za pilau na bado akaondoka amenuna.

Hivyo ndivyo walivyokufa majini wangu. Nikapata hadithi bora zaidi, hadithi ya Fundi Makame na mkono wake, na nikaibeba kila nilikokwenda. Niliisimulia Mkokotoni, niliisimulia Kizimkazi, niliisimulia garini kwa watu waliotaka kulala. Nikaongeza kwamba punda wa Fundi naye hakubali kutembea ila kuelekea kibla, ukitaka afike kusini lazima umrudishe kinyumenyume. Watu wakaipenda. Wakaanza kumtania Fundi popote alipopita.

"Fundi, nijengee choo!" kinyozi alimpigia kelele kutoka barazani, akijua kwamba kwa Waislamu choo ndicho kitu kisichoelekezwa huko kabisa. "Lakini tafadhali, kitazame kokote duniani isipokuwa kule!"

"Na banda langu la kuku, Fundi, litazame wapi?"

"Litazame chungu chako, yakhe," Fundi alijibu, akapita zake anacheka.

Tajiri mmoja aliyetaka kujengewa nyumba mtaa wa Ng'ambo, kule mjini, aliisikia hadithi hiyo, akampa kazi mtu mwingine. "Sitaki fundi mwenye upande mmoja tu," alisema. Bi Mwanakheri alinieleza hayo mlangoni kwake, naye alikuwa anacheka, lakini siku hiyo hakunikaribisha chai.

Kilichonishangaza mimi ni wema wa Mwalimu. Kila Jumamosi alimpelekea Fundi muhogo, au ndizi, au kuku. Fundi alipoumwa mgongo, Mwalimu alimwezekea jiko kwa mikono yake, akaanguka mara mbili. Na watu walipoanza kumtania Fundi mbele yake, Mwalimu alikumbuka ghafla kwamba ana safari. Mimi nikasema, huyu ndiye Mkristo wa kweli, anamtendea mema mtu aliyempindishia kanisa. Nilimsifu kwa hilo kanisani, nimesimama, mbele ya watu wote. Alikiangusha kitabu cha nyimbo.

Jambo jingine: Benchi la Kweli hakulihamishia kanisa jipya. Alisema limeliwa na mchwa. Nililiona jikoni kwake limebeba mitungi mitatu ya maji, madhubuti kabisa. Nikaona labda mchwa walighairi.

Miaka ikaenda. Mwalimu alizeeka, akaacha kazi, mwalimu mwingine akashika nafasi yake, na Mwalimu wetu akahamia mjini kwa binti yake. Parokia ilikuwa imara, hakuna tena aliyetaja kuifunga. Mimi na Fundi Makame tuliendelea kuwa majirani, na asubuhi moja tulikwenda mjini pamoja kutafuta mchele. Ilikuwa miaka ile ya foleni, na foleni ya siku hiyo pale Darajani ilikuwa ndefu kiasi kwamba waliokuwa mwisho walisahau inauzwa nini. Nyuma yetu alisimama mama mmoja mnene mwenye kikapu.

"Nyinyi mnatoka shamba gani?" akatuuliza.

"Kwa Padri."

"Kwa Padri! Si ndiko kwenye kanisa la kibla?"

Wewe unadhani ningenyamaza? Nikamshika Fundi bega. "Mwenyewe aliyelijenga ndiye huyu hapa!" Nikaanza, na foleni ikanigeukia. Nikaleta karani, nikaleta Askofu, nikamleta na punda. Watu walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko, mama wa kikapu akifuta machozi kwa buibui lake, na Fundi anatabasamu kama kawaida yake, macho kwenye mkoba wake mtupu.

Nilipofika kwenye "mkono ushazoea," nikaona mbele, karibu na dirisha la duka, mtu mfupi anatoka kwenye foleni. Walikuwa wamebaki watu wanne tu mbele yake. Akaja taratibu kwa bakora, anapita foleni yote kuturudia sisi. Upara ule ningeutambua hata gizani.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, Damiani. Fundi, hujambo?"

"Sijambo, Mwalimu. Rudi kwenye nafasi yako, itachukuliwa."

"Ichukuliwe."

"Mwalimu." Fundi alimshika mkono wa kanzu. "Yaache hayo. Yashapita."

"Kwako wewe hayajapita. Nimesimama pale mbele nayasikia." Akanigeukia. "Kazi nshaiacha, Damiani. Hakuna tena wa kuniondoa, kwa hivyo usije ukaniita shujaa."

"Kwani nini, Mwalimu?" nikamwuliza, kicheko bado kimo mdomoni. "Si mkono wa Fundi...?"

Akavuta pumzi. Nilikuwa nimeisahau sauti ile. Ilifika dirishani, mwenye duka akaacha kupima.

"Fundi hakukosea. Kwenye ramani palikuwa na mshale wa kuonesha kaskazini. Mimi nilidhani unaonesha madhabahu. Fundi aliniambia mara tatu, 'Mwalimu, huko ni kibla.' Mimi ndiye niliyemwambia achimbe."